Saiba na gavana ni ndugu wa tumbo moja

Swali: Mwalimu, salamu nyingi. Nina saiba ndogo hapa Eldoret, nachapisha barua na kuwajazia watu fomu. Mteja wangu mmoja, mwanafunzi wa chuo, aliniambia kwamba jina hili "saiba" limekatwa kutoka saibanetiki, sayansi ya zamani iliyochanganya hesabu, lugha, mitambo na miili ya viumbe. Nimesoma kidogo nikazidi kuchanganyikiwa. Sayansi moja itabebaje vitu vinne visivyojuana? Ilikuwa sayansi kweli au maneno makubwa tu? Na ilikwenda wapi?

Jibu: Salama kabisa ndugu yangu, na ahsante kwa kuuliza. Mteja wako alikwambia kweli, ila aliishia njiani. Nimefundisha udhibiti wa mitambo kwa miaka mingi, na swali lako ni lile ambalo wanafunzi wangu hawaniulizi. Wao huipokea hesabu ikiwa imeshaiva, hawamuulizi aliyewasha moto.

Tuanze na jina lililo kwenye bango lako. Mwaka 1947 Norbert Wiener, mwanahisabati wa chuo cha MIT kule Marekani, alikuwa akitafuta jina la kazi ambayo yeye na wenzake walikuwa wameifanya kwa miaka kadhaa bila kujua waiiteje. Akachagua neno la Kigiriki kubernetes, yaani mshika usukani wa chombo cha baharini. Kitabu chake kilitoka 1948, na jina lake la pili lilitaja udhibiti na mawasiliano ndani ya mnyama na ndani ya mashine. Neno hilohilo Warumi walikuwa wamelichukua zamani wakalitamka gubernator. Likapitia Kifaransa, likaingia Kiingereza, na huku kwetu likafika likiwa "gavana". Basi saiba yako na gavana wa kaunti ni ndugu wa tumbo moja, na wana ndugu wa tatu: spidi gavana, kile kifaa walichofungiwa wenye matatu kwa kanuni zilizoanza kutekelezwa 2004 ili zisipite kilomita 80 kwa saa. Wiener alieleza kwamba alilichagua jina hilo kwa heshima ya makala ya James Clerk Maxwell ya mwaka 1868 kuhusu magavana. Magavana aliyoyaandikia Maxwell ni ya injini, na hapo ndipo hadithi yote inapoanzia.

Kijijini kwetu kulikuwa na mashine ya kusaga inayoendeshwa na injini ya dizeli. Nikiwa mtoto nilipenda kusimama mlangoni nikisikiliza. Mama mmoja akimimina debe la mahindi, mlio wa injini unazama, kama mtu aliyetwikwa mzigo ghafla. Halafu, bila mkono wa mtu kugusa chochote, unapanda tena na kurudi pale ulipokuwa. Ndani yake kuna vyuma viwili vizito vinavyozunguka pamoja na mhimili. Injini ikienda kasi, vyuma vinatanuka nje na kuvuta kijiti kinachobana mafuta. Ikipunguza mwendo, springi inavirudisha ndani, kijiti kinafungua mafuta zaidi. Hiyo ndiyo gavana. James Watt aliifunga kwenye injini za mvuke mnamo 1788, naye aliitoa kwenye vinu vya upepo vya kusagia nafaka. Kwa hiyo hata huko kwao ilianza kinuni.

Angalia kinachotendeka. Mashine inapima matokeo yake yenyewe, inayalinganisha na kiwango kilichowekwa, na ile tofauti ndiyo inayoamua kitakachofuata. Habari za matokeo zinarudi mwanzoni. Sisi twaita hilo mrejesho, na kwa kuwa unapinga kosa, twauita mrejesho hasi. Mrejesho chanya unaujua vizuri kutoka harusini: mshereheshaji anasogea karibu na spika, sauti inaingia tena kwenye kipaza sauti, inakuzwa, inarudi, inakuzwa tena, na watu wote wanaziba masikio.

Sasa ugonjwa. Siku moja ile injini ya kijijini ilianza vituko. Mlio unapanda, unashuka, unapanda, unashuka, wala hapakuwa na mtu anayemimina mahindi. Ilikuwa ikihema kama mgonjwa wa pumu. Fundi alipofika alisikiliza kidogo, akakishika kile kijiti kwa vidole viwili, akakituliza. Injini ikatulia palepale. Akasema gavana imeingia uchafu, inachelewa. Akaisafisha kwa dizeli, akaitia oili, basi. Ilinichukua miaka mingi kuelewa ukubwa wa neno lake, "inachelewa". Kurekebisha kosa kukichelewa, na nguvu ya kurekebisha ikiwa kubwa, dawa inafika wakati ugonjwa umeshageuka upande wa pili. Mwendo ulikuwa mdogo, gavana inafungua mafuta, lakini kufikia hapo mwendo umeshapanda wenyewe, sasa umepitiliza. Gavana inabana, imechelewa tena. Kitu kilichotengenezwa ili kutuliza ndicho kinachotikisa. Makala ya Maxwell ilikuwa juu ya jambo hilohilo: kwa hesabu gani utajua mapema kama gavana itatulia au itayumba.

Tafadhali ushike ugonjwa huu wa kupitiliza, kwa sababu kwa maoni yangu ndio uliowakutanisha watu wa saibanetiki. Vitabu vingi huanza na fahari ya mashine zinazojiongoza. Mimi naona waliitambua sayansi yao kwa kuona kwamba mitambo na miili inaugua ugonjwa mmoja.

Kabla ya Wiener, wahandisi walikuwa wameshaupiga chenga mara kadhaa, kila mmoja pembeni yake. Nicolas Minorsky, mzaliwa wa Urusi aliyehamia Marekani, aliwatazama mabaharia wanaoshika usukani wa meli kubwa. Aliona kwamba mshika usukani hodari hatazami tu meli imepotoka kiasi gani. Anaangalia pia inapotoka kwa kasi gani, na anakumbuka imekuwa ikivutwa upande upi muda wote na mkondo au upepo. Nahodha yeyote wa Lamu angemwambia hivyo bure, lakini Minorsky aliyaandika kwa hesabu mwaka 1922, na mambo yale matatu ndiyo hadi leo yanayoendesha vidhibiti vya viwandani. Miaka mitano baadaye Harold Black wa maabara za simu za Bell, akiwa kwenye feri akielekea kazini asubuhi ya 2 Agosti 1927, aliandika juu ya ukurasa wa gazeti wazo la kupunguza mkwaruzo wa vikuza sauti kwa kurudisha sehemu ya sauti ikiwa imepinduliwa. Nao pia walisumbuliwa na kuyumba: kikuza sauti kilichotakiwa kusafisha simu kikaanza kupiga mbinja. Mabaharia na watu wa simu hawakujua kwamba wanaumwa kitu kimoja.

Vita Vikuu vya Pili ndivyo vilivyowaweka chumba kimoja. Mwaka 1940 ndege za Ujerumani zilikuwa zikiipiga Uingereza, na mizinga ya kutungulia ndege ilikuwa ikikosa. Ndege ilikuwa imeongeza kasi kiasi kwamba risasi ikifika pale ulipolenga, ndege haipo. Lazima upige mahali ambapo itakuwa baada ya sekunde kadhaa. Wiener, pamoja na mhandisi kijana Julian Bigelow, walipewa kazi ya kutengeneza mtambo wa kukisia mwendo huo. Wiener aliifanya kuwa hesabu ya takwimu: rubani aliye hatarini hukwepa, ila hukwepa kwa namna yake, na mwendo wake uliopita unabeba dalili za ujao. Ili kupata mwendo wa kuupima, walitumia nukta ya mwanga ukutani na mtu wa kuifuatisha kwa usukani mzito, mgumu kutii kama ndege. Wakaona kwamba mtu yule naye ni sehemu ya mtambo. Macho yake yanapima kosa, mikono yake inarekebisha, na akiharakisha anapitiliza.

Hapo ndipo walipouliza swali ambalo mimi nalihesabu kuwa mlango wa saibanetiki. Wiener alikuwa na rafiki, Arturo Rosenblueth, daktari wa Mexico aliyekuwa akichunguza neva na moyo pale chuo cha udaktari cha Harvard. Walimuuliza hivi: kama mwili nao unajiongoza kwa mrejesho, basi lazima kuwe na mgonjwa ambaye mrejesho wake umeharibika. Je, yupo mtu ambaye akitaka kuokota kalamu, mkono wake unapitiliza, unarudi, unapitiliza tena, na kuanza kuyumba asiweze kuuzuia? Rosenblueth akajibu papo hapo: yupo. Anatetemeka pale tu anapokusudia jambo. Mkono ukipumzika umetulia, akiufikisha karibu na kalamu unaanza kupepesuka. Mara nyingi chanzo ni jeraha katika ubongo mdogo, ile sehemu iliyo nyuma, karibu na kisogo.

Fikiria hilo ndugu yangu. Wahandisi wa mizinga walitabiri dalili ya ugonjwa wakiwa hawajawahi kumpima mgonjwa. Hawakutumia mfano wa kupendezesha maneno, walitumia hesabu ileile ya gavana. Mwaka 1943 watatu hao, Rosenblueth, Wiener na Bigelow, walichapisha makala fupi kuhusu tabia na makusudi. Walisema kwamba neno "kusudi", lililofukuzwa na wanasayansi wengi kwa kuwa linanuka falsafa, linaweza kurudi kwa heshima: kitu kina kusudi ikiwa tofauti kati yake na lengo lake ndiyo inayouongoza mwendo wake.

Upande wa viumbe haukuwa mgeni wa kualikwa, basi. Rosenblueth alikuwa amefanya kazi na Walter Cannon, aliyelitunga neno homeostasi miaka ya 1920 kuelezea jinsi mwili unavyoshikilia hali yake ya ndani. Joto linakaa karibu na nyuzi 37, ukipata baridi unatetemeka, ukipata joto unatoka jasho. Sukari ikipanda kwenye damu kongosho linatoa insulini. Cannon alikuwa ameyaeleza kwa ufasaha, lakini hakuwa na hesabu yake. Rosenblueth aliporudi kwao Mexico, Wiener alimfuata, na kwenye taasisi ya taifa ya moyo jijini Mexico wakatafuta hesabu ya namna mpigo wa umeme unavyosambaa katika msuli wa moyo, na unavyoweza kuanza kuzunguka bila mwisho hadi moyo utapetape. Makala yao ya 1946 bado inatajwa na wanaochunguza mapigo ya moyo. Kitabu cha 1948 Wiener alikitabaruku kwa Rosenblueth.

Mwaka uleule wa 1943 kulitoka makala nyingine, ya Warren McCulloch na Walter Pitts. McCulloch alikuwa daktari wa akili aliyevuka miaka 40, mwenye ndevu na falsafa nyingi. Pitts alikuwa na miaka 20, kijana aliyetoroka kwao Detroit, asiye na shahada, ambaye hesabu za mantiki zilikuwa kama maji kwake. McCulloch alimchukua akakaa nyumbani kwake Chicago, na usiku watoto wakilala wao walikaa wakibishana. Walichosema ni hiki: ichukue seli ya neva kuwa kitu kinachowaka au kisichowaka. Inapokea ishara kutoka kwa wenzake, na zikifika idadi fulani inawaka. Ukiiwekea kiwango cha ishara mbili kati ya mbili, umepata NA ya mantiki. Ukiiwekea moja kati ya mbili, umepata AU. Ukiongeza waya wa kuzuia, umepata SIYO. Kwa hizo tatu, sentensi yoyote ya mantiki inaweza kujengwa kwa neva. John von Neumann alipoandika 1945 ripoti yake maarufu ya namna ya kupanga kompyuta, aliitaja makala yao. Na programu hizi za siku hizi zinazosoma picha na kujibu maswali ni vitukuu vya ile seli ya karatasini, ingawa vitukuu hivyo vimefunzwa namna nyingine. Seli ya kweli ni tata mno kuliko ile, na hata wao walilijua hilo.

Sasa lugha, ambayo nadhani ndiyo iliyokutatiza zaidi. Mkono na usukani vinafanana, lakini sarufi inaingiaje? Inaingia hivi: ili kosa lirekebishwe, lazima habari ya kosa isafiri, iwe kwenye waya au kwenye neva, na njiani kuna kelele. Kwa hiyo mtu wa udhibiti anajikuta anauliza habari ni nini na inapimwaje. Claude Shannon wa maabara za Bell alijibu mwaka 1948 kwa makala iliyotoka sehemu mbili, Julai na Oktoba. Alisema habari ni kipimo cha unachoshindwa kukisia. Nikikwambia jambo ulilokwisha kulijua, sijakupa habari hata kidogo.

Shannon alicheza mchezo ambao nakuomba uujaribu na mteja wako hapo saiba. Ficha sentensi, mwenzako akisie herufi moja moja. Tuseme umeandika "Watoto wamekwenda shuleni". Akishapata "Watoto", herufi inayofuata wengi watataja w kwanza, na wengi watapatia. Akipata "wamekwend", hahitaji msaada wa kupata a. Lakini pale baada ya "wame" atahangaika, kwa sababu watoto wanaweza kuwa wamefanya lolote. Herufi za kuhangaikia ndizo zinazobeba habari. Zilizobaki ni za kulindia. Kwa Kiingereza Shannon alikadiria kwamba karibu nusu ya kinachoandikwa ni cha kulindia. Miaka mingi kabla yake, mnamo 1913, Mrusi Andrei Markov alikuwa amehesabu kwa mkono irabu na konsonanti 20,000 katika shairi la Pushkin ili kuona herufi moja inaivutaje nyingine. Hakuwa na kompyuta, alikuwa na penseli na subira.

Mimi napenda zaidi mfano wa kwetu. Dada yako anakupigia simu kutoka mahali ambapo mtandao unasuasua, anasema: "Vitabu vyangu viwili vikubwa vile vimepotea." Hesabu: maneno sita, na ngeli ya KI-VI imegongwa muhuri mara sita. Mtoto wa shule huona ni usumbufu wa mwalimu. Mtandao ukilimeza neno la kwanza, wewe unasikia "...vyangu viwili vikubwa vile vimepotea". Hujui ni nini kimepotea, lakini unajua si ng'ombe, si watoto, si nguo. Ni vitabu, viatu, vyombo, kitu cha nyumba hiyo. Upatanisho wa kisarufi unafanya kazi ileile ambayo wahandisi wa simu walikuwa wakiitafuta: kurudia kwa mpango ili kosa la njiani ligundulike. Sijui lugha nyingi zinazouonyesha mpango huo waziwazi kama lugha zetu za Kibantu.

Lakini hapa lazima niwe mkweli kwako. Shannon mwenyewe alionya mwanzoni kabisa kwamba maana haimo kwenye hesabu yake. Kwa waya, "baba amefariki" na sentensi nyingine ya urefu huo kuhusu paka wa jirani zinaweza kuwa na uzito mmoja. Wengi hawakulisikia onyo hilo. Tarehe 7 Januari 1954, New York, watu wa chuo cha Georgetown na kampuni ya IBM walionyesha kompyuta ikitafsiri sentensi zaidi ya 60 za Kirusi kwenda Kiingereza, kwa msamiati wa maneno 250 na kanuni sita. Magazeti yakashangilia, wakaahidi kwamba miaka michache tu kazi itakuwa imekwisha. Mwaka 1966 kamati ya wataalamu huko Marekani iliandika kwamba ahadi haijatimia, na fedha zikakauka. Kati ya ile milango minne, wa lugha ndio walioufungua kwa pupa.

Walikutana wapi watu hawa wote? Kuanzia 1946 hadi 1953 taasisi ya Macy, mfadhili wa tafiti za tiba kule Marekani, iliandaa mikutano kumi, karibu yote New York, McCulloch akiwa mwenyekiti. Mezani alikaa mwanahisabati von Neumann karibu na Margaret Mead aliyekuwa ametoka kuchunguza jamii za visiwa vya Pasifiki, na Gregory Bateson aliyekuwa mumewe, na madaktari, na wanasaikolojia. Roman Jakobson, bingwa wa isimu, alifika mwaka 1948. Shannon alileta panya wa chuma mwaka 1951, aliyejifunza njia ndani ya vyumba 25 kwa kugonga kuta na kukumbuka. Mead alisimulia baadaye kwamba kwenye mkutano mdogo wa kwanza kabisa, uliotangulia vita havijaisha, jino lake lilivunjika na hakugundua mpaka mkutano ulipomalizika. Hata jina la mikutano yenyewe lilibadilika kwa sababu ya lugha. Heinz von Foerster, Mwaustria aliyefika Marekani karibuni tu na Kiingereza chake kikiwa cha kuokoteza, alipewa kazi ya kuhariri kumbukumbu za mikutano ili apate kujifunza. Akalalamika kwamba jina lao ni refu, hawezi kulitamka, kwa nini wasiiite saibanetiki tu? Wakakubali.

Uliuliza kama ilikuwa sayansi kweli. Palipo na hesabu na kosa la kupimwa, ndiyo, tena imara: udhibiti, nadharia ya habari, fiziolojia ya mwendo na ya moyo. Hata hivyo usidhani kila walichogusa kilifaulu. Ule mtambo wa Wiener wa kukisia ndege, baada ya jasho lote, haukuwa bora vya kutosha kuushinda mtambo rahisi zaidi uliobuniwa Bell, na haukutumika vitani. Hesabu yake ndiyo iliyobaki, na leo inasafisha mawimbi ya simu yako. Kule Uingereza daktari Ross Ashby alitengeneza 1948 sanduku lake la vipande vinne lililotafuta utulivu lenyewe hata ukilivuruga nyaya, na Grey Walter wa Bristol akaunda kobe wawili wa mitambo, Elmer na Elsie, waliofuata mwanga na kukwepa vizuizi. Hivyo vilikuwa vya kufundishia, na vilifundisha vizuri. Palipobaki maneno matupu ni pale watu walipochukua "mrejesho" wakaupaka juu ya siasa, uchumi na ndoa bila kupima chochote.

Kwa Wasovieti mambo yalikwenda kinyume. Kamusi yao ya falsafa ya 1954 iliiita sayansi bandia yenye kurudisha watu nyuma. Mwaka uliofuata wanahisabati Sobolev na Lyapunov pamoja na mhandisi wa jeshi Kitov waliitetea kwa makala, na haikupita miaka kumi Kyiv ikawa na taasisi nzima yenye jina hilo.

Ilikwenda wapi, basi? Kwanza watu walifarakana. Mwaka 1952 Wiener alivunja ghafla uhusiano na McCulloch na vijana wake, na Pitts, aliyemwona Wiener kama baba, hakupona. Aliichoma kazi yake ambayo haikuwa imechapishwa, akazama kwenye pombe, akafa 1969, miezi michache kabla ya McCulloch. Nikiyasoma maisha yake huwa nafunga kitabu kidogo kabla ya kuendelea. Pili, mwaka 1956 kikundi cha vijana kilikutana chuo cha Dartmouth na kuibatiza kazi yao jina jipya, akili bandia. John McCarthy, aliyelitunga, alieleza kwamba moja ya sababu ilikuwa kukwepa kivuli cha saibanetiki na cha Wiener. Tatu, kila nyumba ilibeba fungu lake na kufunga mlango: wahandisi wakachukua udhibiti, watu wa simu wakachukua habari, madaktari wakachukua homeostasi. Jina likabaki bila mwenyewe. Miaka ya 1980 waandishi wa riwaya wakaliokota ile sehemu ya mbele kuitia kwenye hadithi za kompyuta, intaneti ilipokuja ikalivaa, na ndivyo lilivyofika kwenye bango lako Eldoret.

Kitu kimoja Wiener alikishika hadi mwisho, nami namheshimu kwacho kuliko kitabu chake. Januari 1947 alichapisha barua jaridani akikataa kumpa mtu wa kampuni ya ndege nakala ya kazi yake ya wakati wa vita, kwa kuwa ingetumika kuongoza makombora. Mwaka 1949 akamwandikia Walter Reuther, kiongozi wa wafanyakazi wa viwanda vya magari, akimweleza kwamba mashine za kujiongoza zinakuja viwandani na zitawaacha watu bila kazi, na kwamba yeye hataki kuwauzia waajiri ujuzi huo kisirisiri. Alifariki Stockholm mwaka 1964.

Ukitaka kuionja sayansi yenyewe bila kitabu, chukua ufagio wa mpini mrefu, usimamishe wima juu ya kiganja, ncha ya mpini ikiwa kiganjani na kichwa cha ufagio kikielekea juu. Baada ya kujaribu mara tano au sita utaweza kuutuliza. Kisha jaribu kalamu juu ya kidole. Itaanguka kila mara. Jicho na mkono vinahitaji kama sehemu ya tano ya sekunde kupokea kosa na kulirekebisha. Ufagio unaanguka polepole kiasi cha kukusubiri, kalamu haikusubiri. Ukishauweza ufagio, fanya jambo la mwisho: acha kutazama ncha ya juu, tazama kiganja chako tu. Habari ya kosa iko juu, umeikata. Utaanza kupepesuka kulia na kushoto, kila safari pana kuliko iliyotangulia, kama ile injini ya kijijini kwetu, mpaka ufagio utue chini. Niandikie uniambie ulidumu sekunde ngapi.